Herufi Iliyofutwa na Mama Mkwe

Basi ndiyo hivyo, Mama, bado niko ndani. Nimeolewa na Elisante, mwanaume ambaye nikisikia tu viatu vyake uani moyo unanienda mbio, na sijavuka migomba ya kwao hapa Machame tangu harusi. Mama mkwe anafuata desturi: bi harusi hulishwa, hatoki. Asubuhi mtori, mchana maziwa. Mlima nauona kipande tu, dirishani. Na mwisho wa mwezi Elisante anarudi masomoni Ulaya, hajafika hata mara moja Sanya Juu, kwenye kaburi lako.

Ungempenda, Mama. Kazi yake huko ni kuotesha. Anapanga chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, juu ya kibamba kwa mchoro anaoutaka, kisha anakitia kwenye tanuri na kupitisha gesi yenye kaboni. Penye chuma huota virija vya kaboni. Pasipo na chuma hapaoti kitu. Alipoziita chembe hizo mbegu, mama mkwe akauliza kama hazishikwi na ugonjwa wa chulebuni kama kahawa yetu. Tulicheka mpaka machozi.

Aliniletea kibamba kidogo kama ukucha, na juu yake herufi M, nyeusi kama mahameli. M ya Manka, jina uliloniita wewe tu, nami nikamnong'oneza yeye. Akasema virija husimama wima kwa sababu vimebanana, kila kimoja kinashikwa na jirani yake. Nikajiona humo, Mama. Napendwa, na nimebanwa.

Juzi mama mkwe alifagia chumba chetu. Akaona masizi kwenye kitu kinachong'aa, akakifuta kwa pindo la kanga yake mpaka kikatakata.

Nililia. Nililia kama siku ile... unaijua. Elisante akamweleza mama yake taratibu kwamba chuma bado kimeshika, ataotesha tena. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu, unalilia hicho kigae, au una lingine?"

Nikamwambia ilikuwa herufi ya jina ulilonipa, na kwamba mume wangu hajafika kwako.

Jioni akaniletea kanga ile ile, haijafuliwa, doa jeusi bado lipo pindoni.

"Utajitanda hii. Nendeni mkamsalimie. Kisha unarudi ndani."

Nitarudi, Mama, najua. Elisante ataondoka, nitabaki na dirisha langu. Wewe pumzika tu, usinihuzunikie. Mwezi huu hautaisha kabla hujapokea shikamoo ya mkweo, nami nimejitanda M yangu, nimesimama kando yake.