Sijui Kama Sindano ya Utotoni Inanikinga

Mpendwa Shangazi Leonsia, shikamoo. Naomba msaada maana machozi yamenikauka. Mwaka jana, tulipokuwa tumehamia kijiji hiki kipya cha ujamaa karibu na Usagara, nilijifungua mtoto wa kiume nyumbani, mama mkwe akamkata kitovu kwa wembe wa zamani na kukipaka samadi, mtoto akanyonya vizuri siku chache halafu kinywa kikakaza, mwili ukawa mgumu, akiguswa tu anakakamaa, mpaka akanifia mikononi, mganga wa zahanati akasema ni pepopunda. Sasa nina mimba ya miezi saba, na kliniki muuguzi aliniuliza, "Ulimaliza chanjo zako?" nikashindwa kujibu, kwa sababu utotoni nilichomwa sindano moja tu, baba akanitoa kwenye foleni akisema zitaniua, na mama aliyejua ilikuwa sindano ya nini ameshafariki, basi nikaona aibu mbele ya wenzangu nikaondoka. Mume wangu Masalu anasema, "Huyu naye akifa, urudi kwenu." Shangazi, mwilini mwangu kuna kinga au hakuna? Hata nguo za mtoto sijashona, nimshonee nani?

Kija

Marahaba, Kija mwanangu. Pole sana. Mwanao hakufa kwa mkosi wa ukoo wenu, pepopunda ilimwingia kitovuni kwa wembe ule na samadi ile. Lakini wewe nawe! Unaondoka kliniki bila sindano kwa kuogopa neno "sijui"? Nimemuuliza daktari. Sindano moja ya zamani, tena isiyojulikana ya nini, si ya kutegemea, na hakuna wa kukutazama usoni akajua una kinga. Chukulia kwamba huna, uanze upya, kurudia hakutakudhuru. Rudi, useme hujui, uchomwe ya pepopunda, maana kinga yako humfikia mtoto tumboni, na uulize lini urudi kwa ya pili kabla hujajifungua. Uzalie zahanati. Uchungu ukikukuta nyumbani, ni wembe mpya na uzi uliochemshwa, na kitovu kisipakwe kitu. Mwambie mama mkwe hivyo mbele ya mumeo. Nawe Masalu, ukisomewa haya, mke harudishwi kwao kwa ugonjwa. Msindikize kliniki.

Barua yako imekaa mno njiani, Kija, nami naogopa. Huenda umeshajifungua. Kama ndivyo, mwangalie mtoto anavyonyonya. Siku akilikataa ziwa, usimngoje Masalu arudi nyumbani. Mbebe, uende hospitali saa ileile.