Mama kaja ofisini na matufaha

Kiyomi, shoga yangu, niko chooni kazini nalia. Usipige simu, soma tu.

Mama kaja Tokyo. Bila kuniambia! Kasimama pale mapokezi na boksi la matufaha ya kwetu Tsugaru, anapaza sauti kwa lahaja yetu ya Kitsugaru: "Mwanangu, mbona umekonda hivyo!"

Na unajua hapa wote wanadhani mimi mzaliwa wa Tokyo. Unajua wanavyoigiza lafudhi ya watu wa kwetu wakacheka mpaka machozi. Bosi wangu Mizushima alikuwa pembeni yangu, hajaambulia hata neno.

Nikamjibu mama kwa kile Kijapani cha adabu tunachowasemesha wateja: "Karibu sana. Umekuja kumwona nani?"

MAMA, Kiyomi. Nimemuuliza mama yangu amekuja kumwona nani.

Halafu akaniinamia, akajikakamua kwa Kijapani cha redioni: "Samahani. Naomba umfikishie Bi Kasai mzigo huu."

Bi Kasai! Mimi, binti yake wa kumzaa!

Alipotoka Mizushima akauliza, "Huyo mshamba ni nani?"

Nikasema simjui.

Nimesema simjui.

Nikakimbilia barabarani, sikumkuta. Nikampigia, yuko stesheni. Nimeongea Kitsugaru changu chote palepale barabarani, watu wananitazama, nalia, namwomba radhi.

Yeye akanijibu kwa kile kile Kijapani cha redioni, neno moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni: "Usilie. Nitafanya mazoezi. Nikija tena sitakuaibisha."