Sanamu ya Ojwang Imevunjwa

Busia, Sokoni,
Ijumaa, 18 Agosti 1967.

Mpendwa wifi yangu Hadijah,

Salaam nyingi kutoka huku mpakani. U hali gani na joto la Mombasa? Na Osman wetu, bado anagoma kunywa uji? Mimi mwili mzima, ila moyo siwezi kuueleza. Mama yuko hai. Zaidi ya hapo, wifi, sina habari njema ya kukupa.

Wimbi limeiva vizuri mwaka huu. Hakuna mwenye hamu ya kulivuna.

Unaikumbuka ile sanamu ya mvuvi katikati ya uwanja wa soko, aliyoitengeneza fundi Ekwaro wa Amukura mwaka ule wa Uhuru? Ojwang alisimama mbele ya fundi siku tano, samaki kamongo mkononi, nawe ukacheka ukasema fundi amempunguzia tumbo. Lakini sura ilitoka mumeo kabisa, na masikio yake yale.

Wewe ulikuwa umesharudi kwenu wazee walipokuja. Ziwa lilikuwa limemchukua Ojwang na mwili haukuonekana, basi wakataka tuzike tunda la mti wa yago badala ya mwili wake, kama ilivyo desturi yetu, matanga yaishe. Mama alikataa, na kosa ni langu. Siku moja alipokuwa hali wala halali, nilimwambia, "Mama, si Ojwang yule amesimama sokoni? Nenda ukamwone." Nilitaka apate nafuu ya siku moja tu. Mdomo huu, Hadijah, umeniponza!

Akaenda kila siku, miaka miwili. Anakaa pale chini, kati ya malori ya Uganda na wauza ndizi, anamsemesha, anamgombeza kwa kukaa bila shati. Mvua ikinyesha anamfunika na leso yake. Wapagazi walimzoea. "Mama Ojwang, sogea kidogo, lori linarudi nyuma," wanamwambia kwa upole. Wengine walicheka, Mungu anawaona. Mwezi wa sita lori lilimkosa kwa shubiri moja.

Basi nikaenda kwa karani wa soko kwa siri, nikamwomba sanamu iondolewe. Nilidhani itapelekwa mahali, au tutapewa sisi. Mama atalia, atachoka, atakubali kuzika yago, na wewe utakuwa huru kuanza maisha yako. Karani akasema, "Dada, hata sisi tunataka nafasi ya malori." Sikumuuliza wataipeleka wapi. Ole wangu, sikuuliza!

Juzi Jumatano walikuja na nyundo, soko limejaa pomoni. Walianza na kichwa. Mama alikuwa pale pale. Alipiga ukemi ambao sikuusikia hata siku ile ya ziwa, akawashika mikono, nao wakambeba wakamweka kando. Makokha, yule muuza chumvi, ndiye aliyemleta nyumbani. Kufika jioni kifusi kilikuwa kimejazwa kwenye mashimo ya barabara ya Malaba. Hatukuokota hata kidole.

Wazee wamerudi tena na habari ya yago, lakini Mama hawasikii. Anasema mwanawe ameuawa na anataka kumjua muuaji. Asubuhi ameniketisha mezani, maana yeye hajui kuandika, akanitajia maneno ya kuwaandikia kaunsili: wamtajie jina la mtu aliyeomba sanamu ivunjwe. Nimeandika yote, neno kwa neno, yeye akinipapasa mgongo na kunishukuru.

Niombee, wifi. Mimi hata kupiga magoti siwezi. Nisalimie baba yako mzee Salim, mama Ziada na dada Zainabu, na umkumbatie Osman kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafunike kwa rehema, asiwaonyeshe tuliyoyaona sisi.

Barua zote mbili ziko hapa mbele yangu. Hii yako nitaituma mimi. Ile nyingine Mama amesema ataipeleka mwenyewe kwa karani, kwa mkono wake, Jumatatu.

Mimi wifi yako, ninayekupenda hata kama utanichukia,
Gaudencia Adongo