Chai ya Kiragu

Kitengela,
9 Novemba 1999

Baba yangu mpendwa,

Nakuinamishia kichwa huku nilipo, ukiguse kwa mkono wako kama ulivyokigusa tangu nikiwa mtoto. Natumaini kifua hakikusumbui na huu upepo wa Bisil, goti limepoa, na ng'ombe wameanza kupata majani baada ya hii mvua kidogo. Mwambie Mama kwamba shuka alilonitumia ndilo ninalojifunika. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio tutauzungumza.

Supa, Roda dada yangu. Najua wewe ndiye unayemsomea Baba, umekaa kwenye kile kigoda karibu na mlango ili upate mwanga. Najua pia majirani wakiona bahasha yangu huja kusikiliza habari za treni, na Baba hawafukuzi kamwe. Leo waombe watoke. Na tafadhali usiruke mstari hata mmoja, kwa kumhurumia Baba wala kwa kunihurumia mimi.

Baba, nimeachishwa kazi. Barua ilikuja Ijumaa. Kuanzia mwezi ujao bia haitauzwa tena ndani ya treni yetu ya Mombasa, kwa hivyo wahudumu wanne wa behewa la chakula hawahitajiki, na mimi ni mmoja wao. Lile koti jeupe ulilokuwa ukiwaambia watu kwamba linanifanya nifanane na daktari nimelirudisha, limefuliwa na kupigwa pasi. Sililii kazi. Ninacholilia ni kwamba aliyeniondoa ni wewe, kwa mdomo wako, tena kwa maneno niliyokupa mimi mwenyewe.

Hukuniona siku ile ya kikao Kajiado. Nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi pamoja na wenzangu, kwa sababu mkubwa wetu Githongo alitaka tuje kusikiliza watu wakitoa maoni kama pombe na starehe nyingine zibaki kwenye treni au ziondolewe. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri kabla hujasimama. Githongo alieleza kwamba safari ni ya saa kumi na tatu au zaidi, na mtu aliyeketi mezani na chupa yake unamwona, unaweza kumwambia basi, lakini ukimnyima atapanda na chang'aa ndani ya mfuko wa mkate aende kuinywa chooni. Halafu akaongea Khalif, yule yule anayenunua mbuzi hapo soko la Bisil. Alisema yeye hanywi na hatakunywa, lakini hakuja kumfunga mtu mdomo. Alichoomba ni behewa moja tu safi, lisilo na bia wala sigara wala miraa, ambamo mama yake mzee anaweza kuswali na kulala bila kupulizwa moshi usoni. Watu walimpigia makofi, hata akina mama wa kanisa lako. Nilimwona karani akiandika. Nikajiambia kila mtu amepata chake, twende tukanywe chai.

Ndipo ukasimama wewe na fimbo yako.

Maneno yako ninayo kichwani mpaka leo. Ulisema, "Mwanangu Lemein alikuwepo. Alimwona Kiragu wa Kitengela amelewa asubuhi mbele ya watoto wa watu, akaenda mlangoni akaanguka. Bia ndiyo iliyomsukuma." Wazee wakaanza kukushukuru, ashe oleng, ashe oleng. Behewa la Khalif halikutajwa tena na mtu yeyote. Wenzangu wakageuka kuniangalia.

Baba, umesahau? Mwezi wa Juni nilikuja nyumbani siwezi kula. Mama aliniwekea nyama nikaisukuma, ukanishika mkono ukanipeleka kwenye zizi, ukaniuliza kuna nini. Nikakuambia kuna mtu ameanguka kutoka kwenye treni nikiwa zamuni, na nikakuomba neno hilo lisitoke pale. Ulikunywa funda la maziwa kutoka kwenye kibuyu, ukanipulizia kifuani, kama unavyobariki tangu uokoke ukaacha pombe ya asali. Ukasema, "Neno hili limelala hapa." Usiku huo nilipata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku nne.

Haikupita wiki mbili, Roda akaniandikia kwamba umelisimulia kanisani, na watu walilia. Nilikasirika lakini nikanyamaza. Nilifikiri ya Bisil yatabaki Bisil. Kumbe ulikuwa umeonja utamu wa kusikilizwa, ukalibeba mpaka Kajiado, ukalitaja na jina la marehemu na jina langu. Nimejiuliza mara nyingi ni nani mwingine ningemwambia. Nilikuwa na watu wengi wa kucheka nao, wa kumwaminia neno nilikuwa na mmoja. Siku hizi nikiona mzee mwenye blanketi kama lako barabarani, nageuza uso. Githongo hakunitukana tulipotoka nje. Aliniuliza tu kama baba yangu ananipenda.

Lakini kuna kitu kingine ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa unapewa mikono. Safu tatu nyuma yako alikuwa ameketi mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Anaitwa Naliaka, ni fundi wa nguo hapa Kitengela, na ni mke wa Kiragu. Alikuja kuuliza habari za milango ya treni. Aliposikia uliyoyasema alisimama, akasema kwa sauti ndogo kwamba mume wake hakuwa mtu wa pombe. Mtu mmoja karibu nami akacheka, akasema hivyo ndivyo wake wote husema. Naliaka aliketi tena, kisha akachukua mkoba wake akatoka. Mimi nilikaa pale pale kama gunia.

Sasa, Roda, pumua kwanza, kisha uendelee.

Kiragu hakuwa amelewa. Asubuhi ile alikunywa chai, kikombe kimoja, na vipande viwili vya mkate, na mimi ndiye niliyemletea. Aliniambia anashuka Athi River, ana haraka ya kufika nyumbani. Aliyelewa ni mimi, Baba. Sisi wahudumu tulikuwa na mazoea yetu. Wateja wakiondoka huacha kidogo chini ya chupa, na mabaki hayo yote tulikuwa tunayamimina kwenye jagi moja la bati, tunagawana tukiosha vyombo. Miaka minne nimekunywa kwenye jagi hilo huku ukiwaambia watu kwamba mwanao anafanya kazi katikati ya bia na midomo yake haijaigusa. Siku hiyo wenzangu walienda kulala, na jagi nililimaliza peke yangu tangu Voi mpaka jua linachomoza.

Tulipofika kwenye tambarare za Athi nilifungua mlango wa behewa nimwage maji machafu, kama tulivyozoea. Nikaurudisha bila kutia komeo. Nilidhani nimetia. Kiragu akaja na begi lake, akauegemea mlango akingojea kituo. Niliuona mlango ukienda, na yeye akienda nao. Nilinyoosha mkono lakini ulichelewa.

Kabla mtu hajaja nilirudi kwenye meza yake. Nikaondoa kikombe, nikaweka chupa mbili tupu mahali pake. Wakubwa walipofika waliziona chupa, nami nikawaambia alikuwa amelewa. Nawe nilikuambia hayo hayo kule zizini, kwa kuwa nilikuogopa na nilitaka unibariki. Maziwa yako uliyapulizia juu ya uongo wangu.

Umeniuza, Baba, na uchungu huo bado ninao, sitakudanganya kwamba umeniisha. Lakini mimi nilimuuza mtu ambaye hawezi kujitetea, na wewe ukamtembeza mkoa mzima bila kujua. Kuhusu bia kwenye treni, hata sasa siwezi kukuambia nani alikuwa sawa. Pengine ni wewe, maana bila bia lile jagi lisingekuwepo. Pengine ni Khalif na behewa lake. Ninachojua ni kwamba hukumu ile ilipatikana kwa kumchafua mtu aliyekunywa chai.

Jana nilikwenda kwa Naliaka. Nilimkuta kwenye cherehani, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hata hizo chupa mbili. Nilikuwa tayari anipige na mkasi. Hakunipiga. Mguu wake ulisimama kwenye pedali, halafu akaniuliza kama mume wake alimaliza ile chai. Nikamwambia aliimaliza. Akainamisha kichwa juu ya kitambaa alichokuwa akishona, akalia. Baadaye alisema hataki kitu kwangu ila kimoja tu, jina la mume wake lisafishwe mahali pale pale lilipochafuliwa.

Kesho asubuhi naenda polisi kuandikisha maneno haya. Desemba huenda nisiwe nyumbani, msiniwekee mbuzi. Kwa hivyo nakuomba wewe jambo hili. Barua zangu umezoea zisomwe mbele ya watu. Hii nayo, Jumapili, isomwe kanisani, pale pale uliposimama kunisimulia. Roda asome, nawe usimame kando yake mpaka mwisho. Kisha uchume nyasi mbichi uje nazo mkononi Kitengela, umwone Naliaka, kama tunavyofanya sisi tukimwendea mtu tuliyemkosea. Mimi nimeshakwenda na zangu. Alizipokea, akaziweka juu ya meza.

Nisalimie Mama, na wewe Roda usimwache peke yake leo jioni. Wasalimie watoto, na Khalif ukimpata siku ya soko mwambie nilikuwa upande wake nikakosa kusimama.

Baba, nainamisha kichwa tena kama nilivyoanza. Kama safari hii mkono wako hautafika, nitajua, wala sitakuuliza.

Ni mimi mwanao,
niliyempelekea Kiragu chai,

Lemein