Vipande vya Risasi kwenye Sahani ya Ukweni

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Huku Rangwi tu wazima. Bibi yako anachimba viazi na kunigombeza kama kawaida.

Sasa unaongoza wawindaji huko Ruaha, unaniuliza risasi ya nyati: ya kawaida, au ile ambayo kiini na ganda la shaba vimeunganishwa visiachane? Chukua hiyo ya pili.

Mjomba wangu aliponipeleka ukweni kujitambulisha, tulibeba bega la nyati niliyempiga bondeni Mkomazi kwa risasi ya kawaida. Msemaji alikuwa mjomba. Mimi kazi yangu kuinamisha kichwa. Tulipoketi kula nyama ile, baba mkwe akauma kitu kigumu. Akatema vipande viwili vya risasi, akaviweka ukingoni mwa sahani.

“Mnyama huyu alikufa papo hapo?”

“Papo hapo,” mjomba akadakia.

Mzee akanitazama mimi. Nikasema, “Hapana, baba. Risasi ilisambaratika kwenye mfupa. Tulimfuata mpaka kesho yake.”

Mjomba alinikanyaga mguu, lakini mzee alinisogezea ugali. “Kula, mwanangu.”

Vile vipande bibi yako anavyo bado, kwenye kopo la vifungo. Nikianza kutia chumvi hadithi zangu za porini, hulitikisa.

Babu yako