Kadi Imezidi Vidole Viwili

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijashika msumeno.

Mimi ni seremala wa makabati ya jikoni na mke wangu ndiye mchoraji, yaani mteja akija anakaa naye mbele ya kompyuta, anamwonyesha jiko lake litakavyokuwa kabla sijakata hata ubao mmoja, na kazi yetu imekwenda kwa mtindo huo miaka minne. Sasa ile kompyuta ya mezani, tuliyoinunua ikiwa imeshaundwa kiwandani, imechoka, akizungusha picha ya jiko inaganda, mteja anaanza kuchezea simu, mke wangu anacheka kicheko cha aibu, na wiki iliyopita nilimsikia akimwambia dada yake, "Wale wa duka la vigae wananitaka, na mashine zao haziniaibishi."

Sikumwuliza kitu, nikaamua kumshtukiza. Jirani yetu, fundi simu, akaniambia dawa ni kadi ya picha, kile kipande kinachoisaidia kompyuta kuchora, akaniazima ya kwake yenye feni tatu nijaribu. Mke wangu alipotoka nikafungua ubavu wa kompyuta, na nakiri nilisahau kilichonipeleka, maana mle ndani mmepangwa vizuri kuliko kabati langu lolote, nikawa najiuliza huu upepo wa feni unaingilia wapi, unatokea wapi, na kwa nini kadi iwe na tundu lake la umeme wakati imeshachomekwa. Nikapima. Kadi imezidi vidole viwili, inagonga fremu ya bati iliyoshika kidude cha rangi ya fedha, bapa kama daftari dogo, chenye waya mbili. Kwangu mimi kitu kisipoingia hupunguzwa, na mstari wa penseli nimeshauchora kwenye ile fremu. Je, nikate, au nitafute kadi nyingine, na nitajuaje ipi inafaa?

Seremala

Seremala, weka msumeno chini. Umeuweka? Haya, tuongee.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Hicho kidude cha rangi ya fedha ni diski. Michoro ya mkeo ya miaka yote minne imo humo, na wewe ulitaka kukata chuma pembeni yake! Ungemshtukiza kweli.

Hata hivyo udadisi wako nimeupenda, na swali la tundu la umeme ni kubwa kuliko vidole vyako viwili. Kadi kubwa inakula umeme mwingi kuliko unaopita pale inapochomekwa, na kompyuta za kiwandani huwekewa kisanduku cha umeme cha kuzitosha zenyewe tu. Kitafute pale unapoingia waya wa ukutani, usome wati zilizoandikwa kwenye karatasi yake, uzilinganishe na zile ambazo kadi inadai, na usikifungue. Angalia kama kuna waya wa akiba wenye kichwa cha matundu sita au manane. Kama haupo, yako ni kadi fupi isiyodai waya wake. Pima na unene, maana nyingine zinakalia nafasi mbili, na ule ubavu lazima ufungike. Ya jirani mrudishie leo.

Ila wewe, mteja akija unaanza na nini? Unamwuliza mkono wake unafika wapi, sufuria zake zina ukubwa gani, ndipo unatoa futi. Sasa mwenye kuitumia hii kompyuta kila siku hujamwuliza hata neno moja. Huenda picha inaganda kwa sababu memori imejaa, na hapo kadi haitakufaa kitu. Keti naye, azungushe jiko zito kuliko yote, kisha nyote wawili mtazame kwenye kompyuta yenyewe ni kipi kinachoelemewa. Anakili michoro yake mahali pengine kabla hamjagusa chochote. Bisibisi ashike yeye, wewe umulike tochi.

Na mwambie ulisikia habari za duka la vigae. Akitaka kwenda ataenda, ni haki yake, lakini asiondoke akidhani hukuiona aibu yake. Ule mstari wa penseli usiufute. Mwonyeshe, aone mwenyewe ulivyoogopa kumpoteza.