Kwa Nini Wateja Wamehama

Kutus,
9 Agosti 1972

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba baridi ya Nanyuki haijaamsha yale maumivu ya magoti. Dada Wachuka na mtoto wake waendeleaje? Nilifurahi kusoma kwamba mtoto ameanza kucheka. Mimi ni mzima. Mahindi ya nyuma ya nyumba nimeyavuna, na ng'ombe anakamuliwa vizuri.

Mama, umeniuliza habari za duka. Umesema Wakonyo wa kanisani alipita huko akakueleza kwamba watu wetu sasa wanavuka barabara kununua kwa Gatimu, ati mimi nimekuwa na maringo. Ni kweli wamehama. Mtu aliomba chumvi nikampa sukari, na aliporudisha nikamnunia badala ya kumwomba radhi. Wengine waliniita nami nimewapa mgongo, napanga sabuni. Mama Ngendo aliondoka na kikapu kitupu, akawaambia watu kwamba tangu ulipokwenda, duka hili halina mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo Wakonyo hakulijua. Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi alikuja Theuri, yule fundi wa baiskeli. Mkewe, Murugi, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia. Theuri alijua kwamba Ngatia, akitoka Wang'uru na pikapu ya mchele, husimama kwetu kabla ya kwenda Kerugoya. Aliniomba nimzuie Ngatia hadi amlete mkewe apelekwe hospitali, kisha akakimbia nyumbani. Nilitikisa kichwa kukubali. Ngatia alifika, akashusha magunia mawili, akanywa chai, akaenda zake. Sikumwambia neno.

Theuri alipofika akimshikilia Murugi, barabara ilikuwa tupu. Watu walimsaidia kumlaza kwenye mkokoteni wa maziwa, wakausukuma kupanda kuelekea Kerugoya. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, kabla ya nusu ya njia, wanawake waliokuwa wakienda shamba wakimkinga mama yake kwa leso zao. Ni msichana, mdogo sana. Wote wawili wako hospitalini. Murugi alipoteza damu nyingi, ila sasa anapata nafuu.

Jioni Theuri alirudi dukani. Hakunitukana. Alisimama mbele yangu, akasema polepole kama mtu aliyechoka:

"Nilikuambia, Wamucii. Ukaitikia."

Nikamweleza lile ambalo nilipaswa kukueleza wewe kwanza. Mama, sisikii. Tangu ile homa ya mwezi wa tatu sikio la kushoto limekufa, na la kulia linaniletea sauti kama za watu waliofungiwa ndani ya pipa. Huwa natazama nyuso na kubahatisha. Asubuhi ile niliona midomo ya Theuri ikienda mbio, nikakubali tu ili aondoke, nisije nikamwuliza mara ya pili. Niliogopa kwamba ukijua utalifunga duka, na kwamba watu wa kina Nderitu, waliokuja kunichumbia, watabadili nia. Niliona afadhali niitwe mwenye maringo kuliko kuitwa kiziwi.

Theuri akaondoka. Hakusema amenisamehe, nami sikutarajia aseme. Jumapili nilikwenda hospitalini na chupa ya uji. Murugi alikuwa amekwisha kuambiwa. Aliunywa uji, akanipa mtoto nimshike. Yule mtoto alilia mikononi mwangu, Mama, nami niliona tu kinywa chake kikifunguka.

Niliporudi nilichukua kipande cha katoni, nikaandika kwamba sisikii vizuri, tafadhali mtu asimame mbele yangu na kusema polepole. Nimekitundika juu ya kaunta. Siku ya kwanza nilitamani kukiondoa kila mtu alipokisoma. Jana Mama Ngendo aliingia, akakisoma, akaenda mpaka kwenye rafu na kunionyesha kwa kidole majani ya chai anayotaka. Daktari atanipima wiki ijayo. Watu wa kina Nderitu bado sijawaambia, lakini nitawaambia mwenyewe.

Nisalimie Wachuka, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Na siku utakayorudi, tafadhali usiniite kutoka mlangoni ukaumia kwamba sikugeuka. Ingia tu, Mama, uniguse bega.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Wamucii